Mwenge wa Mti Mbichi

Vijana wangu, mti mbichi haukerezwi kwa haraka, wala hauachwi nusu. Ukishaufunga kwenye mashine na kuanza kuutoboa, njaa yako isubiri, mgeni wako asubiri, na kama mvua inaingia dirishani, acha iingie. Ukienda kula ukarudi, mduara uliouacha utakuta si mduara tena, umekuwa yai. Patasi yako itagonga upande mmoja na kukosa upande wa pili, na chombo kitakupasukia usoni. Mimi kilinipasukia. Kovu hili juu ya jicho mnadhani ni la kuanguka na baiskeli, kwa sababu ndivyo nilivyowaambia wajukuu.

Naitwa Feza. Baba yangu alitoka Kindu kuja kufanya kazi ya reli, ndiyo maana nimekulia Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto, mkabala na Kisangani mjini, na sikuwahi kuona sababu ya kuhama. Nimekereza mti mbichi tangu ujana mpaka vidole vilipokataa kukunjika. Ninyi mna mota za umeme na gundi za kila namna. Mnaniletea vyombo vyenu vya mbao kavu, vimenyooka kama chupa, mnaniuliza mbona vyangu vimejikunja midomo na watu bado wanasimama kuvitazama. Nitawaambia. Lakini siwezi kuwaambia bila kumtaja aliyenifundisha, na nikimtaja itabidi niwaambie habari ya mwenge.

Kwanza kazi yenyewe. Mti uliokatwa jana umejaa maji. Ukiuzungusha, maji yanaruka, yanakupiga shingoni, yanakuingia kinywani, na utajua ladha ya kila mti kabla hujajua jina lake. Ngula inakupaka wekundu usiotoka kwa sabuni. Niliwahi kwenda kwenye harusi ya binamu yangu mikono ikiwa myekundu mpaka viwiko, na mashangazi wakanisifu kwa hina nzuri, wakataka kujua nani aliyenipaka. Kambala ndiyo mbaya, unga wake unavimbisha macho. Mama mkwe wangu aliniona siku moja nimevimba uso, akamfokea mume wangu mpaka majirani wakatoka nje. Mume wangu alikuwa mtu mpole, fundi wa baiskeli, hajawahi kunyanyua mkono hata kwa mbuzi. Alininunia siku kadhaa, kana kwamba nilivimba makusudi.

Unatoboa kuanzia mdomoni kwenda chini. Unamaliza ukingo kabisa kabla ya kushuka, maana ukishakuwa mwembamba huwezi kuurudia. Kwenye miti myeupe tulitia taa ndani, balbu ndogo iliyofungwa kwenye waya. Pale mwanga unapopita ukiwa mwekundu, bado pana unene. Ukigeuka wa manjano, ondoa mkono. Kuta zikiwa nyembamba na sawa pande zote, mti ukikauka unajikunja badala ya kupasuka. Unaulaza ndani ya maranda yake mwenyewe, kwenye mfuko wa karatasi wa saruji, unaufunga, unauweka pasipo upepo, unausahau.

Chombo changu cha kwanza sikukisahau. Nilikiweka dirishani ili kila anayepita akione. Jua la mchana likakipiga, na kikapasuka kwa mlio mkubwa. Watu wa mji huu walikuwa wamesikia bunduki za kutosha miaka ile ya vita vya waasi, kwa hiyo atelye nzima, karakana yetu, ililala chini, na mlinzi akaingia chini ya meza ya msumeno na kukataa kutoka. Aliyebaki amesimama ni Papa Losala peke yake, aliyekuwa akinifundisha. Aliokota vipande viwili, akavishikanisha, akavitenganisha, akaniambia kuwa kazi ilikuwa nzuri na kwamba nimeua kitu kizuri kwa kutaka kusifiwa.

Papa Losala alikuwa mtu wa mto, wa jamaa za Yanonge, ambao baba zao huchonga mitumbwi. Mtumbwi unachongwa mti ukiwa mbichi, na yeye tangu utotoni alikuwa ameona jinsi ubavu mwembamba unavyokubali kufunguka na kujikunja bila kuvunjika. Alipokuja mjini, Mgiriki mmoja mwenye atelye ya mbao karibu na stesheni ya Lubunga alimpa kazi ya kukereza nguzo za ngazi na miguu ya meza. Mashine ilikuwa ndefu na nzito, ikiendeshwa na mota ya mazutu, yaani dizeli, kwa mkanda wa ngozi. Kazi za Mgiriki zikiisha, Papa Losala alichukua gogo kutoka kwenye rundo la kuni, akalikereza likiwa bado linatoka maji. Alitoa vyombo visivyokuwa bakuli wala chungu. Vingine vilikauka vikawa kama jani lililoanza kujikunja. Kimoja kilikuwa na mdomo kama wa mtu aliyetaka kusema jambo akasita. Mafundi wenzake walimuuliza vinatiwa nini ndani. Aliwajibu kuwa havitiwi kitu.

Mimi nilikuwa msuguaji. Wanawake wa atelye ile tulisugua kwa msasa na kupaka mafuta, basi. Lakini msuguaji anapitisha kidole kila mahali, na baada ya muda kidole kinajua mambo. Siku moja nilimwambia Papa Losala kuwa chombo chake kitanyanyuka upande wa kushoto, kwa sababu nyuzi za mti zilikuwa zinakimbilia huko. Alikiweka kwenye mfuko. Kilipokauka kilinyanyuka upande wa kushoto. Akaja kwenye benchi yangu, akanipa patasi yake yenye mdomo wa mviringo, akanionyesha pa kusimama.

Kulikuwa na taabu ya kitenge. Kitenge karibu na mkanda unaozunguka ni kifo, na enzi zile za Zaire mwanamke alikatazwa kuvaa suruali, ilisemekana si desturi yetu. Nilivaa suruali ya mume wangu, nikafunga kitenge juu yake nikiwa njiani, na nikifika mashineni nakivua. Akiingia mtu mwenye abakosi, ile koti ya wakubwa, na beji ya chama tawala kifuani, mwenzangu mmoja alikuwa akikohoa, nami najifunga haraka. Alikohoa mara nyingi mno hata Mgiriki akampeleka kwa daktari.

Papa Losala alinifundisha patasi, mfuko, taa, na jinsi ya kusikiliza. Patasi ikilia kwa sauti nyembamba, imekaribia upande wa pili. Kitu kimoja alikianza bila kukimaliza, nacho ni kusoma gogo. Aliweza kulizunguka gogo lililolala chini na magome yake, akaweka kiganja hapa na pale, akakuambia chombo kitakachotoka humo kitakaaje baada ya kukauka. Nilimwomba anifundishe. Alisema twende pamoja msituni siku moja, mti ukiwa bado umesimama, kwani somo hilo huanzia pale. Nilikuwa na watoto wadogo, yeye alikuwa na kazi za watu, mvua zilikuwa nyingi. Tulisema tutakwenda.

Kisha serikali ikazichukua mali za wageni na kuwapa wenyeji. Mgiriki aliaga kila mmoja kwa mkono, akavuka mto, hatukumwona tena. Atelye ikapewa Citoyen Botende, aliyekuwa akiuza bia; siku hizo sote tuliitwa citoyen, yaani mwananchi. Sitamfanya kuwa mtu mbaya kuliko alivyokuwa. Alikuwa mcheshi, alijua majina ya watoto wetu, na alipoingia alipenda kuzipigapiga mbao kwa kiganja kama mtu anayepapasa ng'ombe aliyemrithi asijue maziwa yanatoka wapi. Lakini aliyepewa kitu na wakubwa hulala akiwaza jinsi ya kuwapendeza.

Siku moja alikuja akipumua kwa haraka. Rais atautembelea mji, na wakubwa wa mji walitaka kitu cha kusimamishwa mbele ya ofisi ya chama, ng'ambo ya pili. Citoyen Botende alikuwa ameahidi mwenge wa mbao, ile alama ya chama, mrefu kumpita mtu, uliokerezwa kwenye mashine yetu. Mbao kavu ya unene ule haikuwepo popote Kisangani. Kulikuwa na gogo la ngula lililoshushwa wiki ile, zito kwa maji.

Papa Losala alilizunguka gogo. Akasema litafaa likipasuliwa kwanza, kiini cha katikati kikatolewa, vipande vikakerezwa vikiwa na uwazi ndani, kisha vikaunganishwa. Sote tulikuwa tumesimama pale, mashine imezimwa.

"Patron, muti ya muzima iko na moyo ndani," alimwambia Citoyen Botende. "Moyo ikianza kukauka, itapasua yote."

"Chama iko moja, Papa Losala. Muti nayo itakuwa moja. Nani atasimamisha mwenge ya vipande mbele ya Prezida?"

"Alors, basi itainama."

"Itainama fête ya Prezida ikiisha. Fête ikiisha, mi sina shida nayo."

Basi Papa Losala akaufanya, gogo zima. Na niwaambie jambo ambalo watu hawalijui: aliufanya vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kumwona akifanya. Angeweza kulipua kazi, hakuilipua. Mshikio aliutoa mwembamba unaopanuka polepole kuelekea juu, kikombe chake kina mistari myembamba kama ya kucha, na miali ya moto aliichonga kwa mkono baada ya kuishusha kazi kutoka kwenye mashine. Mimi niliusugua. Ulikuwa mwekundu wa kung'aa, bado una ubaridi wa maji ukiugusa. Tuliufunga kwa magunia yaliyoloweshwa, tukauvusha kwa mtumbwi mkubwa, na Papa Losala akawaeleza walinzi wa ofisi ya chama kwamba magunia yasitolewe mpaka siku yenyewe, na kila asubuhi yamwagiwe maji. Walimwitikia.

Safari ya Rais ikaahirishwa, na ilipopangwa tena ikaahirishwa tena. Mnajua jua la msimu wa kiangazi. Kumbe pale ofisini mkubwa mmoja alichukizwa kuona alama ya chama imefungwa magunia kama muhogo, akaamuru yatolewe, na ukafunikwa kitambaa chembamba cha kijani mlangoni, upande wa magharibi unaopigwa na jua la alasiri.

Siku ilipofika wafanyakazi wote tulipelekwa kupanga mstari. Vijana wa animasyo, kile kikundi cha nyimbo za chama, walicheza na kuimba. Kitambaa kikavutwa. Mwenge ulikuwa umepasuka kutoka kwenye kikombe mpaka chini, ufa unaoingia mkono, na sehemu yote ya juu ilikuwa imeinama mbele na kugeuka upande, kama mtu mzima aliyesinzia kwenye mkutano. Ngoma zikakoma. Halafu mahali fulani nyuma yetu mtu akacheka. Alicheka kidogo tu, akajizuia, lakini kila mtu alisikia. Ngoma zikaanza tena kwa nguvu. Nilimtazama Papa Losala. Alikuwa anautazama mwenge, na uso wake haukuwa na hofu bado. Alikuwa akiangalia ulivyopinda, kama tulivyozoea kuangalia chombo kinapotoka mfukoni.

Walikuja atelye siku iliyofuata, wanaume wawili, wenye adabu. Waliuliza nani aliyetengeneza. Citoyen Botende alisema ni Losala, na kwamba Losala ni fundi wa zamani anayejua kila kitu cha mbao, na yeye patron hakuambiwa lolote kuhusu kuinama. Alisema huku akijifuta shingo kwa kitambaa, bila kututazama. Mafundi wakatazama chini.

Mimi sikuweza. Niliweka msasa chini, nikasimama. Nilikuwa na hakika kwamba nikisema kweli jambo litakwisha.

"Papa Losala alimuambia patron," nilisema. "Mi nilisikia na masikio yangu. Alisema muti itainama."

Mmoja wa wale wanaume alinigeukia. Alikuwa na sauti ya upole.

"Donc, kumbe alijua."

"Alijua, na alisema."

"Bon. Alijua itainama, na akaifanya."

Nilieleza habari za kiini, na magunia, na gogo bichi. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu ile ile. Lakini alikuwa amekwisha kupata alichokitafuta. Kabla sijasimama, Papa Losala alikuwa fundi ambaye kazi yake imeharibika. Nilipokaa, alikuwa mtu aliyeinamisha mwenge wa chama kwa makusudi. Papa Losala aliomba ruhusa ya kuosha mikono, wakamruhusu, akaenda nao.

Nimewahi kuyaeleza haya kwa watu wazima wenzangu, na wote huniambia kuwa sikukosea, kwamba wangemchukua hata ningenyamaza. Labda. Mume wangu aliniambia hivyo mpaka alipofariki. Lakini mimi ndiye niliyekuwa pale, na nakumbuka vizuri sauti ya yule bwana aliposema bon.

Mke wake na mimi tulivuka mto kwenda gerezani kila walipotukubalia, tukipeleka kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki. Wakati mwingine sahani ilirudi tupu, wakati mwingine ilirudi kama ilivyokwenda. Mvua zilikuja zikaisha kabla hajatoka. Alirudi amekonda, anatembea taratibu, akasalimia kila mtu, akarudi kwenye mashine yake. Hakueleza, na sisi hatukuuliza. Siku hizo hakuna aliyeuliza.

Mwanzoni nilidhani anapumzika. Alikereza miguu ya vitanda na michi ya vinu, mbao kavu tupu, kila kitu kimenyooka. Nilimletea gogo dogo la mti mweupe, bichi, aina aliyoipenda. Aliligusa, akasema mkanda wa mashine unahitaji kupakwa mafuta, akaenda kuupaka. Nilimkumbusha ile safari yetu ya msituni. Akasema magoti yake yamechoka. Mwishowe alifunga vitu vyake, yeye na mkewe wakapanda mtumbwi wa wafanyabiashara wa samaki kuteremka Yanonge.

Kusoma gogo nikajifunza mwenyewe, kwa kuharibu. Vijana, mnaniita fundi mkuu, na mimi nachukua jina hilo kwa sababu nimezeeka. Lakini jueni kuwa ninachowafundisha ni nusu. Nikiweka kiganja kwenye gome nakisia, mara nyingi napata, mara nyingine nakosa kabisa na kuwaambia ninyi kuwa ndivyo nilivyokusudia. Yeye hakukisia. Na namna alivyojua sijui, na hakuna wa kumuuliza.

Miaka ilipita. Wakubwa walimchoka Citoyen Botende, wakampokonya atelye kama walivyompa, na yeye akarudi kuuza bia, tena alikuwa akinisalimu kwa heshima nyingi, akiondoka haraka. Mafundi tuliobaki tukaiendesha wenyewe. Nilikuwa na mashine ndefu na magogo kadiri nilivyotaka, nikaona sasa ndio wakati wa kumrudisha Papa Losala. Nilichagua vyombo vyangu viwili vilivyotoka vizuri kuliko vyote, nikavifunga kwenye kitenge, nikateremka mto kwenda Yanonge.

Nilimkuta nje ya nyumba yake akichonga kasia. Alikuwa amezeeka, ila mikono ilikuwa ile ile. Alifurahi, akaagiza nipikiwe, akauliza habari za watoto kwa majina. Tulipokwisha kula nikafungua kitenge. Alikichukua cha kwanza, akakizungusha karibu na jicho, akapitisha kidole gumba ndani mpaka chini. Akaniambia upande gani wa mti ulikuwa unaelekea jua. Akaniambia nimeacha unene kwenye kitako cha chombo kwa kuogopa, na kwamba ningetoa unene huo mdomo ungefunguka zaidi. Alisema kweli. Kwa kitambo kidogo alikuwa Papa Losala wa zamani, ananitazama kama siku ile aliponipa patasi.

Nikaona nafasi, nikamwambia lile lililokuwa moyoni, la yale niliyoyasema mbele ya wale wanaume. Alinikatiza kabla sijamaliza. Alisema hata ningenyamaza wangembeba, nisijisumbue. Alilisema haraka, kama mtu anayefunga mlango ili upepo usiingie. Nikamwomba arudi Lubunga. Nilimwambia mashine iko, patron hayupo, hatakereza mguu wa kitanda hata mmoja, atufundishe tu.

Aliligeuza kasia lake magotini.

"Feza, mikono inataka," alisema. "Ni mimi sitaki tena."

Sikubishana. Nilimwambia basi abaki na chombo kimoja, achague, kiwe chake. Alivitazama vyote viwili. Nadhani alikipenda kile cha pili, kwa sababu alikigusa mdomo mara moja zaidi. Kisha akavirudisha kwenye kitenge, kimoja kimoja, akafunga fundo yeye mwenyewe, akalikaza vizuri.

"Peleka, mama. Hapa watu wataniuliza ni nani alifanya, sawa na wale wawili."

Alinisindikiza mpaka mtoni, akanishikia mtumbwi nipande, akamwambia mpiga kasia apite karibu na ukingo kwa sababu maji ya katikati yalikuwa na nguvu siku ile. Nilipakata kitenge changu na vyombo vyangu viwili, na nikarudi navyo Lubunga.